Chora duara kwa biro kabla hujamlaumu dagaa

Hapa Kigoma mtu akianza kuwashwa, jibu huwa linamsubiri kabla hajamaliza kujikuna. Wa kwanza atasema ni dagaa. Wa pili atasema damu chafu, na mizizi ya kuchemsha ya kuisafishia anayo. Wa tatu atashusha sauti akuulize kama kuna mtu mna kesi naye. Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Mwanga, na mwanamke akiingia nyuma ya pazia kupimwa gauni huniuliza habari za ngozi kuliko habari za mshono. Anajua na mimi nina mwasho wangu: mabaka yanavimba ghafla kama nimeguswa na kiwavi mwenye manyoya, yanakaa kidogo, yanapotea, kesho yanaota kwingine. Nimeishi nayo miaka. Mimi si daktari, lakini namna ya kuusaka mwasho hadi ulikotoka naijua.

Lile lisilosubiri

Kama pamoja na vipele midomo au ulimi unavimba, sauti inakwaruza, kifua kinabana au kinapiga filimbi, mtu anatapika mfululizo, analegea au anataka kuzimia, hapo hakuna cha kuchunguza tena. Hiyo ni aleji kali. Baada ya kuumwa na nyuki, kuchomwa sindano au kula kitu, inaweza kuua ndani ya dakika chache. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Vidonge vya aleji havitoshi, tena vinachelewa.

Mlaze chini, miguu iinuliwe. Anayehangaika kupumua mwache akae, lakini usimsimamishe wala kumtembeza. Nalisisitiza hili kwa sababu desturi yetu ni kumpakia mgonjwa kwenye bodaboda, dereva mbele, ndugu nyuma anamkumbatia, mgonjwa katikati wima. Mtu ambaye presha imeshuka ukimwinua ghafla unaweza kumpoteza njiani. Tafuta bajaji au gari, alale kwenye kiti cha nyuma, mpelekeni hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu.

La pili la haraka ni dawa. Kama vipele vimetokea siku au wiki chache baada ya kuanza dawa mpya, hasa zenye salfa kama septrini na SP ya malaria, dawa za kifafa, au baadhi ya dawa za kufubaza virusi, na ukaona vidonda mdomoni, macho mekundu, malengelenge au ngozi inayochubuka, nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na paketi ya dawa mkononi. Usisubiri kupambazuke.

Duara

Kama hakuna hayo, tulia, chukua biro. Tafuta baka moja linalowasha, chora duara kulizunguka, andika saa pembeni. Kwenye ngozi zetu nyeusi usitegemee kuona wekundu. Pitisha ncha ya kidole utafute palipotuna, uchore kwa kufuata kidole. Piga picha kwa simu, mwanga ukiwa unatoka pembeni, si usoni mwa ngozi, ili uvimbe uonekane. Kesho saa ileile rudi uangalie ndani ya duara.

Kama ndani ya saa 24 baka limepotea na ngozi imebaki safi, hata kama mengine yameota mgongoni, unayo atikaria, ile ya mabaka yanayohama. Kama bado lipo palepale, limekauka, lina magamba, majimaji au vipele vidogo vigumu, ni jambo jingine: pumu ya ngozi, mguso wa kitu, fangasi, upele. Na kama ni baka la kuvimba lililokaa zaidi ya siku, linauma kuliko kuwasha na likiondoka linaacha alama kama ya kupigwa, mwone daktari. Hiyo huweza kuwa mishipa midogo ya damu imevimba.

Nawaambia wateja kwamba duara hilo linaokoa pesa nyingi, kwa sababu haya makundi hayana chanzo kimoja wala dawa moja, na watu wanayatibu yote kwa tyubu moja ya duka la dawa.

Atikaria isiyofika wiki 6 huletwa na mambo mengi. Mafua na homa za virusi ziko mbele, hasa kwa watoto, kisha dawa, chakula, wadudu, na mara nyingi chanzo hakijulikani na hali inapoa yenyewe. Ikipita wiki 6, inakuja karibu kila siku, hiyo ndiyo yangu. Hapa ndipo ninapogombana na nusu ya mtaa: atikaria ya muda mrefu mara nyingi si aleji ya chakula wala ya kitu chochote cha nje. Kinga ya mwili yenyewe inazichokoza seli za ngozi zinazohifadhi histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, zinaimwaga, ngozi inavimba. Mama mkwe wangu, Mungu amweke, aliniondolea dagaa, akaondoa mayai, akaja kwenye karanga na nyanya, sahani ikabaki ugali na mchicha. Nilikonda, mabaka yakanenepa.

Kuna mtihani mdogo wa nyongeza. Chukua kitu butu, mimi hutumia mgongo wa mkasi wangu mdogo, kwaruza mstari mwepesi kwenye mkono wa ndani bila kuchubua, subiri dakika 5 hadi 10. Ukiona mstari umetuna kama mshono, ngozi yako inachokozwa na msuguano wenyewe. Basi mkoba wa begani, sidiria inayobana na mkanda wa sketi vinatosha kukuletea mabaka. Wengine huchokozwa na joto na jasho: anapanda kilima cha kutoka ziwani, vipele vidogo vidogo vinamtoka kifuani, akipoa vinatulia. Wengine baridi. Huyu wa baridi asiruke ziwani peke yake, kwa maana mwili mzima ukipoa kwa pamoja anaweza kuzimia majini.

Muda kati ya kitu na mwasho

Aleji ya chakula haina subira. Umekula, na ndani ya dakika chache, au saa 2 kwa kawaida, imejionyesha. Aleji ya mguso ni kinyume chake: kitu kimegusa ngozi leo, vipele vinakuja kesho, keshokutwa, hata mtondo. Ndiyo maana watu wanamkamata asiyehusika. Mtu amechorwa piko Ijumaa, anawashwa Jumapili, anakumbuka wali wa harusi wa Jumamosi.

Kwa hiyo daftari lako liwe na nafasi ya kuangalia nyuma siku 3. Usiandike insha. Saa mwasho ulipoanza, mahali kwenye mwili, ulichokula saa 2 zilizotangulia, dawa yoyote uliyomeza hata ya kichwa, nguo uliyovaa, sabuni, mafuta, kazi uliyofanya, na kwa wanawake siku za mwezi. Andika na siku ambazo hukuwashwa. Watu wengi huacha hizo, na ndizo zinazotoa ushahidi. Ukikuta ulikula dagaa siku ya mwasho, na pia siku nne za amani, dagaa ameshajitetea mwenyewe.

Ramani ya mwili

Hapa ufundi wangu unanisaidia, maana najua nguo inagusa wapi. Mtu akija na vipele vya kwapani, naangalia kwanza. Kama viko ukingoni mwa kwapa, mbele na nyuma panaposuguana na mshono, na shimo la kwapa lenyewe ni safi, nashuku nguo. Kama vimejaa kwenye shimo lenyewe, nashuku manukato ya kwapa, ya kupuliza au ya kupaka. Nguo mpya huja na rangi iliyozidi na dawa za kumalizia kitambaa, na hizo huwa na tabia ya kukaa kwenye mapaja ya ndani, kiunoni na nyuma ya magoti. Kitenge kipya kiloweke, kifue, kikaushe, kisha ndiyo kiletwe kwangu. Mteja analalamika kitapoteza mng'ao. Kipoteze.

Kitovuni, chini kidogo: kifungo cha jinzi au baklo ya mkanda, yaani madini ya nikeli yaliyomo. Masikioni ni hereni za bei rahisi. Ukishona kipande cha pamba nyuma ya kifungo, wengi hupata nafuu, ila kipande kibadilishwe kikilowa jasho. Rangi ya kucha ya kupaka juu ya chuma haidumu, usiitegemee.

Mikononi, kwa mama wa nyumbani, mara nyingi si aleji kabisa. Ni sabuni. Ngozi hupenda uchachu kidogo, pH yake, kipimo ambacho namba ikiwa ndogo uchachu ni mwingi, ni kama 5. Sabuni ya mche huwa 9 au 10. Sisi tuna sabuni za mawese zinazopikwa majumbani, na mimi nazipenda, lakini sabuni iliyokatwa jana huweza kuwa na kostiki soda ambayo bado haijamalizana na mafuta. Muulize mpishi ameipika lini. Iache ikae wiki 4 au zaidi juu ya kabati ndipo uitumie, na hata hivyo iwe ya vyombo na nguo, si ya uso wa mtoto mwenye pumu ya ngozi. Pete ivue kabla ya kufua. Sabuni hujificha chini yake.

Mdomoni, msimu wa maembe ukifika, naona watoto wenye pembe za midomo zilizochubuka. Utomvu wa ganda na kikonyo cha embe una kemikali zinazofanana na zile za mti wa mkorosho, na zinaweza kuleta malengelenge siku moja au mbili baadaye. Nyama ya ndani mara nyingi haina kosa. Osha embe, menya kwa kisu, acha kuling'wafua ganda kwa meno. Mtu mmoja amenijibu kwamba embe la kumenywa kwa kisu si embe. Basi awashwe.

Piko na rangi nyeusi za nywele nitazisema bila utani. Hina ya majani peke yake ni ya rangi ya chungwa au kahawia. Ile nyeusi ya haraka huwekwa kemikali ya rangi ya nywele iitwayo PPD. Ukishapata aleji nayo, mwili hausahau: ukija kupaka rangi ya nywele miaka baadaye, kichwa na macho vinaweza kuvimba hadi usione. Kama ua la piko limetuna na kutoa malengelenge kwa kufuata mchoro wake, hakuna uchunguzi zaidi unaohitajika. Usirudie, na mwambie msusi.

Mafuta au losheni unayoishuku unaweza kuijaribu nyumbani. Paka eneo la ukubwa wa sarafu upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, asubuhi na jioni, palepale, siku 7 hadi 10. Ikiwasha, acha. Usijaribu hivyo kwa sabuni, piko wala rangi ya nywele.

Sasa dagaa

Aleji ya samaki ipo, na aliyenayo hupata shida kila anapokula, upesi. Akishavimba midomo au koo hata mara moja, asijaribu tena nyumbani kwa kisingizio cha kuhakikisha.

Lakini kuna jambo la pili ambalo watu wa mwalo wa Kibirizi wanalijua kwa macho bila kulipa jina. Dagaa waliochelewa kukauka, labda mvua imewakuta kwenye mchanga, au wamekaa kwenye ndoo juani bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Ni histamini ileile inayokuvimbisha, ila hii umeila. Ndani ya saa moja hivi uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, vipele vinatoka. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Alama yake kubwa ni kwamba mliokula sahani moja mnaugua pamoja. Wakati mwingine mdomoni unasikia ukali kama wa pilipili ambayo hukuitia. Huyo si dagaa wako adui wa maisha. Ni fungu lile baya. Nunua waliokauka juu ya chanja, wanaovunjika wakikunjwa, na kama hupendi harufu, usinunue kwa sababu muuzaji ni ndugu.

Kama bado unashuku chakula kinachowasha ngozi tu bila dalili za hatari, ondoa kimoja, wiki 2, kisha kirudishe na uandike. Kimoja. Mtoto mdogo au mjamzito asifungiwe vyakula bila mtaalamu.

Visivyo aleji, ila vinajifanya

Mwasho unaochachamaa usiku, kati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni, sehemu za siri, na wengine ndani ya nyumba wanajikuna: huo ni upele wa vijidudu. Dawa ni BBE, ile ya maji ya kupaka, au nyingine utakayopewa, mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, nyumba nzima siku moja, pamoja na yule anayesema yeye hawashwi. Shuka na nguo zifuliwe. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya vijidudu kufa, kwa hiyo usirudie kupaka BBE kila usiku. Itakuchoma ngozi na utawashwa kwa sababu nyingine.

Kuwashwa miguu na sehemu zilizozama, saa chache baada ya kuoga au kufua ziwani penye majani na konokono, huenda ni vijidudu vya kichocho vikipenya. Vipele vitapoa. Kichocho hakitapoa. Wiki kadhaa baadaye nenda ukapimwe mkojo na choo, dawa yake ni prazikwanteli.

Mstari wa malengelenge yanayounguza upande mmoja wa mwili, watu wanasema umekojolewa na buibui. Mara nyingi ni mkanda wa jeshi, na dawa yake inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku 3. Vipele vigumu vya kuwasha mikononi na miguuni visivyoisha miezi, kapime na VVU. Ni kipimo cha kawaida, kisikutishe. Na kuwashwa bila kipele chochote kunahitaji daktari, maana ini, figo na tezi ya shingo huweza kuleta. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo miezi ya mwisho aende kliniki leo, si tarehe ya kadi.

Kutuliza wakati unasaka

Maji ya moto yana raha yake, najua. Yanalipiza baada ya nusu saa. Oga ya uvuguvugu au baridi, jifute kwa kugusagusa, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kinatuliza baka kuliko kucha, na losheni ya kalamini inasaidia.

Kwa atikaria, dawa ya kwanza ni kidonge cha aleji kisicholeta usingizi mwingi, kama setirizini au loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima. Yangu ya muda mrefu niliambiwa nimeze kila siku, si kusubiri mabaka, na daktari peke yake ndiye anayeweza kuongeza kiwango. Piriton, kidonge cha aleji cha zamani, inalaza. Fundi wa cherehani anayesinzia hushona kidole, na dereva wa bodaboda sitaki kumsemea. Mwenye ujauzito, anayenyonyesha, mwenye figo dhaifu na mtoto waulize kwanza. Katika kipindi cha mabaka kwepa aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ikiwezekana, maana huweza kuyazidisha. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli huvumilika na wengi.

Zile tyubu za mchanganyiko zinazouzwa kama dawa ya kila kitu mara nyingi zina steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe. Juu ya fangasi, mwasho unapoa huku fangasi inatambaa chini kwa chini, na usoni ngozi inakuwa nyembamba na kutoa chunusi. Mkorogo ndio kabisa: huwezi kujua una aleji ya nini wakati ndani ya kopo kuna vitu ambavyo hata aliyevikoroga havijui.

Ukienda hospitali, nenda na daftari, picha za duara za leo na kesho, na dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na mizizi. Usione haya, daktari akijua unakunywa nini hatabahatisha. Uliza maswali mawili: hii ni atikaria au ni ngozi iliyoguswa na kitu, na je, nahitaji kipimo chochote au la. Vipimo vya damu vya aleji vya bei kubwa, bila historia inayoelekeza, hutoa majibu yanayokufungia vyakula visivyo na kosa. Kama unabadilishiwa tyubu tu kila unaporudi, omba rufaa kwa mtaalamu wa ngozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na waliosomea huko wanafanya kazi hata mbali na Moshi. Uliza mapokezi kama hospitali yenu inaye mmoja, na kliniki yake ni siku gani.